Muulize Mama Kalibu: Rezini adimu, na unachoweza kumimina badala yake

Tangu tulipochapa picha ya meza ya mninga iliyojazwa katikati rezini ya buluu, kile kimiminika kinachoganda kikawa kigumu, barua hazikatiki. Nimechagua zile ambazo jibu la mmoja litawafaa wengi. Wale waliouliza kuhusu kuyeyusha stairofomu kwa petroli ili wapate "rezini ya bure", jibu ni hapana. Petroli ina benzini, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: unatambaa sakafuni hadi unalikuta jiko la jirani. Tuendelee.

Shikamoo Mama Kalibu. Kazi yangu ni kuhifadhi maua ya harusi, naifanyia sebuleni. Bibi harusi huniletea shada, nalikausha, halafu nalimiminia rezini liwe kama limo ndani ya kioo. Niliagiza rezini kutoka nje. Makopo ya rezini yamefika, hadena, yaani dawa ya kuigandisha, imezuiwa na kampuni ya vifurushi. Hapa mjini nimepata rezini ya faibaglasi wanayotumia mafundi wa bodi za magari, na hadena yake, kwa bei nafuu kabisa. Niitumie? Au nichukue hadena yao tu nitie kwenye rezini yangu? – Msomaji, Arusha

Marahaba mwanangu. Hilo la pili ndilo lililonifanya niijibu barua yako kwanza. Usithubutu. Ulichonacho wewe ni epoksi. Walichonacho mafundi wa magari ni poliesta. Hadena ya epoksi ni kemikali iitwayo amini, ambayo inaungana na rezini na kubaki humo milele, ndiyo maana unatia nyingi, nusu au theluthi ya rezini yenyewe. Ya poliesta ni peroksaidi, wenyewe wanaiita MEKP, na kazi yake ni kuamsha tu: gramu 10 hadi 20 kwa kilo nzima. Ukiitia kwenye epoksi utasubiri mpaka mvua za vuli na maua yako yatakuwa bado yanaogelea kwenye uji.

Wa vifurushi nao usiwalaumu. Hadena nyingi za epoksi zinaunguza ngozi, kwa hiyo kwenye ndege zinahesabiwa mzigo wa hatari na zinataka makaratasi yake. MEKP ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inaweza kujichoma yenyewe ikipata joto au uchafu. Muuzaji wa mtandaoni anayekwambia ataificha ndani ya boksi la vipodozi, mkimbie.

Sasa poliesta kwa maua. Rezini hiyo imeyeyushwa kwa kimiminika kiitwacho stairini, theluthi au zaidi ya uzito wake, na ndiyo ile harufu inayokupokea mita hamsini kabla hujafika kwa fundi. Stairini inafifisha rangi ya petali. Poliesta nayo hunywea sana inapoganda, ikaliachia ua nafasi au ikapasuka pembeni. Ile ya magari mara nyingi imeshatiwa kobalti, dawa ya kuharakisha mgando, kwa hiyo haitakuwa nyeupe kama maji, itakuwa na uwaridi au ukijani. Na uso unaoguswa na hewa unabaki unanata. Juu ya yote, mvuke wa stairini unaweza kushika moto kuanzia kama nyuzi 31 za Selsiasi. Kwenu Arusha kuna kabaridi. Huku kwetu Tanga saa nane mchana chumba chenyewe kimeshafika huko. Mwaka 2018 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliipandisha stairini hadi kundi la vitu ambavyo yumkini vinaleta saratani. Wewe unafanyia kazi sebuleni, umeandika mwenyewe. Iache.

Hadena utaipata kwa mtu anayenunua kwa mapipa. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wanazunguka maduka ya urembo na ya vifaa vya sanaa wakitafuta kachupa kenye picha ya kipepeo, wakati mkandarasi wa sakafu za epoksi amekaa na madebe yake bohari. Tafuta wanaotengeneza sakafu za viwanda na hospitali, waundaji wa boti za faibaglasi, na wauza kemikali wa jumla wa Kariakoo na Gerezani. Wewe ukiwa Arusha, Eneo la Viwanda la Nairobi liko karibu kuliko Dar, ila kumbuka kuingiza kemikali nchini kunasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwachie muuzaji mwenye kibali ahangaike na mpaka. Na nunua rezini na hadena pamoja, za mtengenezaji mmoja, hata kama inakuuma kuyaacha makopo uliyokwisha kulipia. Hadena ya kampuni nyingine ina kipimo chake kingine.

Ukifika dukani, kabla ya bei, omba karatasi ya usalama na karatasi ya matumizi. Muuzaji wa haki anayo, hata kwenye simu. Asiyekuwa nayo anauza kitu alichokipima kutoka kwenye pipa ambalo hata yeye hajui lilikuwa na nini. Kisha uliza: hii inamiminwa unene gani kwa mkupuo mmoja? Epoksi ya sakafu na ya kupaka juu ya meza imetengenezwa kwa unene wa milimita chache tu. Ukiijaza kwenye kalibu ya sentimita sita, joto lake linakosa pa kutokea, linazidi kuharakisha mgando, mgando unazidi kuleta joto, na mwisho unaona moshi na mpasuko. Nusu kilo iliyosahaulika kwenye kikombe inaweza kuyeyusha kikombe chenyewe. Unachotaka wewe ni ile ya kumimina nene, inayoganda polepole kwa siku moja mpaka tatu, nyepesi kiasi cha mapovu kupanda yenyewe. Ghali, ndiyo. Bibi harusi ndiye anayelipa. Angalia pia tarehe kwenye kopo. Kopo lililokaa bohari yenye bati tupu juu limezeeka haraka kuliko tarehe yake.

Jambo la kipimo, maana nimeona picha uliyoambatisha. Kopo likisema 2 kwa 1 kwa ujazo, usiweke kwenye mizani ukapima 2 kwa 1. Rezini ni nzito kuliko hadena yake, kwa hiyo kwa uzito hesabu inabadilika, na hadena itakuwa imezidi. Kama karatasi ina kipimo cha uzito, fuata hicho, mizani haidanganyi kama macho. Koroga taratibu ukikwangua kuta na kitako, kisha hamishia kikombe kingine safi ukoroge tena. Ile michirizi inayonata unayoiona pembeni ya kazi yako ilitoka kwenye ukuta wa kikombe cha kwanza.

Na maua yakauke kweli, mpaka petali ikiguswa ilie kama karatasi. Tumia silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, au mchanga laini mkavu. Unyevu mdogo tu ndani ya waridi na utaona mapovu, halafu baada ya wiki doa la kahawia. Mwambie mteja mapema kwamba waridi jeupe litakuwa la maziwa, na kwamba epoksi inageuka njano ikikaa juani, hata ile iliyoandikwa haigeuki.

Salaam aleikum mama. Mimi ni mwalimu wa sanaa shule ya msingi, huku Likoni. Nilitaka watoto wa gredi ya sita wamimine vishikio vya funguo na vinyago kwa rezini, wauze siku ya wazazi. Mwalimu mkuu amekataa. Nimpe hoja gani akubali? – Mwalimu, Mombasa

Aleikum salaam, mwalimu. Mwalimu mkuu yuko sawa, na ningekuwa mzazi ningemletea halua. Epoksi mbichi huzoeza mwili mzio. Mtoto akiupata akiwa na miaka kumi na miwili atakuwa nao hata atakapokuwa fundi wa ndege. Na ile ya kuganda kwa taa au jua, inayouzwa kwenye vichupa kama rangi ya kucha, ikiwa mbichi ina tabia hiyo hiyo.

Lakini watoto wasikose kumimina. Wape jipsamu. Unga wa jipsamu mnao, kila fundi wa dari anao. Na sisi Tanzania tunachimba jipsamu yetu Makanya, wilayani Same. Jiwe lenyewe likichomwa kwenye nyuzi 150 hivi linapoteza robo tatu ya maji yake. Ukiliongezea maji linayarudisha na kuwa jiwe tena, pale pale mkononi mwako. Hilo tu ni somo la sayansi la kipindi kizima. Omba unga wa kumiminia maua ya dari na nguzo. Ule wa kuzibia maungio ya bodi za dari umetiwa dawa ya kuchelewesha na ukiganda ni laini, unachorwa kwa ukucha.

Kwa kilo moja ya unga, maji gramu 600 hadi 700. Unga ndio unaingia kwenye maji, si maji kwenye unga. Nyunyiza kwa mkono kama unavyonyunyiza unga wa sima, mpaka visiwa vianze kusimama juu ya maji, acha dakika moja unywe, ndipo ukoroge polepole. Wanaokoroga kwa fujo ndio wanaopata vinyago vyenye vishimo. Mimina nusu kalibu, gonga meza, malizia. Kalibu nzuri na rahisi ni zile za silikoni za kuokea keki, hazitaki mafuta. Wewe ndiye umwage unga, ukiwa na barakoa, watoto wakae upande upepo unakotoka. Mabaki yagandie kwenye ndoo, yasiingie kwenye sinki, la sivyo utatafuta fundi bomba.

Kuna jambo moja usilicheze. Jipsamu inapoganda inatoa joto, na ikiwa nyingi inapita nyuzi 60. Watoto watataka kuchovya mikono wapate umbo la kiganja. Uingereza, mwaka 2007, msichana wa miaka 16 alitumbukiza mikono yote miwili kwenye ndoo ya plasta ya jipsamu darasani. Iligandia humo, na alipoteza karibu vidole vyote. Kama ni lazima mpate viganja, tumia alijineti, ule unga wanaotumia madaktari wa meno kuchukua umbo la meno. Unachanganywa kwa maji ya baridi, unaganda kama uji mgumu kwa dakika chache, mkono unatoka, kisha jipsamu inamiminwa kwenye tundu. Alijineti hutoka kwenye mwani, ingawa si mwani wanaolima akina mama wa Paje, ule ni wa karajini, ute mwingine wa mwani. Maduka ya vifaa vya meno Mombasa yanayo.

Mkitaka vinyago visivyokatika pua, jibu ni jipsamu na akriliki ya maji. Peter Hawkins alibuni mchanganyiko wa namna hiyo Uingereza mwaka 1984, unauzwa kwa jina la Jesmonite, na kwa ule wa kazi za ndani ni sehemu mbili na nusu za unga kwa sehemu moja ya maji ya akriliki, kwa uzito. Hauna harufu ya kuumiza kichwa wala hautaki kemikali ya kuyeyushia, brashi zinaoshwa kwa maji. Kuuagiza ni pesa. Ninachofanya mimi ni kuchukua ile akriliki nyeupe ya wajenzi, wanayochanganya kwenye plasta ya ukuta ishike, na kuiweka mahali pa sehemu ya maji. Anza na kidogo, jaribu kwenye kikombe, maana nyingine zinachelewesha mgando na nyingine zinaleta povu. Rangi ya unga ya saruji inaingia vizuri, na ukitaka muonekano wa terazo changanya vipande vya kazi ya jana iliyovunjika, halafu sugua kwa msasa wa maji. Siku ya wazazi mtauza.

Mama, babu yangu aliniachia kopo la sandarusi, vipande vya njano vinavyopitisha mwanga, kimoja kina mchwa ndani. Wataalamu wa mitandaoni wanasema rezini ya asili haina sumu. Naweza kuziyeyusha nimimine hereni? – Msomaji, Bagamoyo

Ewe mjukuu wa mzee mwenye akili, usiyeyushe hata kipande. Ungejua unachokishika. Hiyo ni utomvu wa msandarusi uliofukiwa ardhini miaka mingi, na karne ya 19 watu wa mrima waliuchimba baada ya mvua, ukavushwa Unguja, ukaoshwa, ukapakiwa kwenye majahazi ya Bombay na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Huko Marekani na Ulaya uligeuzwa vanishi, hasa ya mikokoteni ya kifahari ya farasi, kwa sababu ulikuwa mgumu kuliko sandarusi za kwingine. Ukisafishwa unatoa vipele vidogo juu, wanunuzi wakawa wanaitambua sandarusi ya Zanzibar kwa ngozi hiyo. Hebu chungulia vyako.

Ugumu huo ndio unaokukatalia. Sandarusi yetu haiyeyuki vizuri mpaka ipite nyuzi 300, na hapo inatoa povu na moshi mkali, uzito wake unapungua kwa kiasi kikubwa, na kinachobaki ni cheusi. Wapika vanishi waliifanya kazi hiyo nje ya miji kwa sababu masufuria yao yalikuwa yakiwaka. Hata ukifaulu, ikipoa inavunjika kama biskuti.

Na hili la asili kutokuwa na sumu waachie wauza mafuta ya nywele. Moshi wa rezini ya msonobari, ile inayowekwa kwenye waya wa kuchomelea vifaa vya umeme, ni sababu inayojulikana ya pumu kwa mafundi.

Kata, usimimine. Msumeno mwembamba wa sonara, tundu litobolewe polepole sana kwa sindano huku ukidondosha maji, maana ikipata joto inanata na kuziba. Msasa wa maji kuanzia mkwaruzo wa kati mpaka ule laini kabisa, kisha dawa ya meno kwenye kitambaa cha pamba. Chenye mchwa usikitoboe. Kiweke kwenye fremu ya fedha, na mpelekee sonara mzee, si kijana mwenye haraka. Kama unachotaka ni kumimina kitu cha asili kwa moto mdogo, nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 juu ya sufuria ya maji. Hereni itakuwa laini, lakini kama umbo la mfano kwa sonara haina mpinzani.

Habari mama. Niko na karakana ya meza za rezini kando ya Ngong Road. Mwezi huu viganja na macho yananiwasha, vipele vinatoka hata siku sijamimina, nikipiga msasa tu. Navaa glavu za mpira na barakoa ya hospitali, nanawa na thina. Nibadilishe rezini gani? – Fundi, Nairobi

Kwanza simama. Si kubadilisha rezini, ni kusimama, na umwone daktari wa ngozi ukiwa na ile karatasi ya usalama mkononi ili ajue ni amini gani. Mzio wa epoksi ukishaingia hautoki, na kila ukirudia unakuja kwa kiasi kidogo zaidi. Wapo mafundi ambao sasa wanavimba macho wakipita tu mlangoni.

Uliyoyaandika yote matatu yanakuumiza. Glavu nyembamba za mpira zinapitisha. Vaa za nitrili, uzitupe zikichafuka. Thina inayeyusha rezini na kuiingiza ndani ya ngozi pamoja na yenyewe. Futa kwa karatasi kavu, kisha sabuni na maji mengi. Barakoa ya hospitali haizuii mvuke hata kidogo. Unahitaji ile ya usoni ya wapiga rangi za magari, yenye vichujio vya mkaa vya mvuke, na kichujio cha vumbi juu yake wakati wa msasa. Vichujio vikianza kupitisha harufu vimekwisha. Msasa pia unapiga mapema mno, nadhani. Kazi inayoonekana ngumu ukiigusa kwa mkono huenda haijamaliza kuganda ndani. Ipe siku saba, na upige kwa maji.

Ukifikiria kuhamia poliurethani ya kumimina kwa sababu inaganda kwa dakika kumi, ina kemikali ziitwazo aisosayanati, ambazo ni sababu maarufu ya pumu ya kazini, na kwa mtu ambaye mwili wake umeshaanza kulalamika siipendekezi hata kwa utani. Kwa Nairobi mteja anayetaka mto wa buluu katikati ya meza anaweza kuuziwa kioo kilichokatwa kufuata ukingo wa ubao. Mimi kioo nakiona kizuri kuliko rezini, lakini hayo ni macho yangu.

Mama Kalibu, duka lililo karibu na gati linaniuzia hadena ya poliesta kwenye chupa ya maji ya kunywa, na dawa nyingine ya zambarau kwenye chupa ya soda. Wanasema nichanganye hizo mbili kwanza ndipo nitie kwenye rezini. Ni sawa? – Msomaji, Kigamboni

La hasha! Hiyo ya zambarau ni kobalti. Kobalti na MEKP zikikutana zenyewe, bila rezini katikati, zinaweza kulipuka. Kobalti inaingia kwenye rezini, inakorogwa mpaka imepotea kabisa, ndipo MEKP. Afadhali ununue rezini iliyokwisha kutiwa kobalti kiwandani, ukaondokana na chupa hiyo moja.

Chupa ya maji yenye MEKP irudishe leo. Ni nyeupe kama maji, mtoto atakunywa. Tone moja jichoni linaweza kupofusha, kwa hiyo miwani ya kufunika kabla ya kufungua, na likiingia, maji ya bomba dakika kumi na tano bila kukatiza ndipo hospitali. Itunze kwenye chupa yake ya asili, kivulini, mbali na kobalti na vyuma vyenye kutu. Tambara ulilofutia liloweke kwenye maji kabla ya kulitupa.

Naweza kupaka epoksi ndani ya vikombe vya vifuu niuze kwa wanaokunywa kahawa? – Msomaji, Pangani

Nje, ndiyo, chini ya mdomo wa kikombe. Ndani, kwa kahawa ya moto, hapana. Epoksi nyingi za ufundi huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 60. Ndani paka nta ya nyuki uuze kwa vinywaji baridi, au acha kifuu kama kilivyo.